Mwendeshaji Hayupo Kitini

Trekta lilipoletwa Kabeza lilisimamishwa mbele ya dirisha langu, na tangu siku hiyo chumba changu hakikuona jua. Hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Ua wa mama mkwe ni mdogo. Hata kamba ya kuanikia nguo ilibidi ifunguliwe ndipo tairi za nyuma zipite langoni. Nepi za mtoto nikawa naanika juu ya boneti. Majirani waliingia kutazama, wakagusa taa, wakasema hongera, halafu wakaniuliza mume wangu anarudi lini aanze kuliendesha.

Nikawajibu kwamba mume wangu anaendesha lori, safari zake ni za Dar es Salaam, na trekta nitaliendesha mimi.

Walicheka kwa adabu. Kigali watu wanajua kucheka kwa adabu. Unakosa hata pa kuanzia ugomvi.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa kwenye kigoda anachambua dodo, ule mchicha wa huku, za mchana. Akasema bila kuinua kichwa, "Zamani mwanamke hakupanda paa la nyumba, wala hakukamua ng'ombe. Sasa mnapanda mpaka huko."

"Zamani hapakuwa na trekta, Mama."

"Na nepi hazikuanikwa juu ya mashine ya watu," akasema.

Nilikuwa kwake tangu nijifungue. Desturi ni kwamba mzazi analelewa kidogo, anakunywa uji wa mtama, wageni wanakuja kumpongeza, kisha anarudi kwake. Sisi hatukuwa na kwetu pa kurudi. Tuliachia nyumba tuliyopanga ili tununue trekta. Basi nikabaki kwenye chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo, na kwa kuwa kilikuwa stoo, komeo lake liko nje. Hakuna aliyewahi kunifungia. Lakini kila nilipolala nilikuwa nalifikiria lile komeo.

Njia ya kutoka ilikuwa moja. Ushirika wa wakulima wa mahindi wa bonde la Masaka ulikubali tuwalimie bonde lao kabla ya mvua za Septemba. Tukilimaliza, tungepewa nyumba ndogo iliyo ubavuni mwa ghala lao, trekta likae hapo, na dereva aishi hapo. Mwenyekiti wao, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alitoa sharti: anayelima ndiye anayehamia. Hakutaka dereva wa kuazima. Dereva nilikuwa mimi. Leseni ya trekta niliipata nikiwa na mimba, tumbo linagusa usukani, wanaume darasani wananiita "mizigo miwili". Nikishindwa, mdogo wa mume wangu angeshika usukani, angehamia yeye Masaka, nami ningebaki na komeo langu.

Siku ya kukabidhiwa, kwenye uwanja wa wakala kule Masoro, kwenye viwanda, nilikuwa na mtoto mgongoni. Wakati ule hakuwa anakubali mtu mwingine. Fundi wao, Mkenya mmoja mnene mwenye mzaha mwingi, akaniambia, "Panda naye tu, mama, tuone kama kweli unajua." Nikapanda na mbeleko yangu. Nikawasha, nikalizungusha trekta uwanjani, nikakamatisha rotaveta, yaani yale majembe ya nyuma yanayozunguka, nikaizima, nikarudi kinyumenyume mpaka pale nilipolikuta. Wakapiga makofi. Msichana wa mapokezi akanipiga picha. Nilishuka kwa furaha, na sisemi uongo, nilijiona mtu.

Kabla sijaondoka, kijana wa tai anayeshughulikia waranti alinisomea masharti. Fundi yeyote asiye wa kwao akifungua hata skrubu, waranti imekufa. Nikaitikia. Nani anabisha siku ya furaha?

Siku ya kwanza ya kulima nilimwacha mtoto na bibi yake. Alikuwa ameshajifunza kunywa kwa kikombe. Niliendesha kutoka Kabeza alfajiri, nikapita Kanombe, nikashuka Masaka, na njia nzima trekta lilikwenda kama lililonyonya likashiba. Wanaushirika walikuwa wamejipanga kwenye tuta. Mwenyekiti alitoa sala fupi. Nikaingiza gia, nikashusha rotaveta, nikaikamatisha.

Injini ikazima.

Kwenye dashibodi ikawaka herufi E na namba 52. Nikawasha tena. Ikawaka vizuri. Nikakamatisha rotaveta, ikazima, E 52. Nilifungua kitabu kilichokuja na trekta. Namba za hitilafu zimepangwa vizuri, maelezo chini ya kila moja, na zinakoma kabla ya 52. Chini kabisa wameandika: kwa namba nyingine, mpigie wakala wako.

Nikapiga. Msichana wa mapokezi akasema, "Mwihangane, madamu, fundi yuko Nyagatare."

Ihangane. Vumilia. Neno hilo hapa utaambiwa benki, hospitali, kwenye foleni ya basi, na mtu anayekukanyaga. Linasemwa kwa upole hivi kwamba ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

Shemeji yangu, huyo mdogo wa mume wangu, alikuwa amekuja "kuangalia tu". Ana duka la vifaa vya ujenzi, ana kifua na tumbo la mtu wa kubeba saruji, ingawa anayebeba ni vibarua wake. Akasema, "Shuka nijaribu, shemeji." Nikashuka. Akapanda, akawasha, akakamatisha. Majembe yakazunguka. Udongo ukaanza kupinduka mweusi nyuma yake, na watu kwenye tuta wakashangilia.

Alilima mpaka jua lilipopanda. Mimi nilisimama na kitabu mkononi.

"Inataka mwanaume," mzee mmoja akasema.

"Si mwanaume, ni kiatu," akajibu mwenzake. "Huyu mama kavaa kandambili."

Sikuwa nimevaa kandambili. Nilivaa buti za mume wangu, nimejaza soksi mbele.

Shemeji aliposhuka anajifuta jasho, nilipanda tena mbele ya watu wote. E 52. Mwenyekiti alinitazama, akamtazama yeye, akaniambia polepole, jambo ambalo kwake si kawaida, "Binti yangu, mvua hainisubiri. Nataka kujua ni nani ninayempa ufunguo."

Yule fundi Mkenya alikuja Kabeza baada ya simu nyingi. Alifika na shati safi na kimashine cha kusomea hitilafu. Aliketi kwenye kiti cha trekta, kiti kikalia chini yake, akawasha, akakamatisha rotaveta ikiwa imeinuliwa. Ikazunguka. Akazima. Akarudia. Ikazunguka.

"Hii kitu iko sawa kabisa, mama."

"Kwangu inazima."

"Basi panda uizime."

Wakati huohuo mtoto alikuwa analia ndani, ana meno yanaota. Nikamchukua, nikamfunga mgongoni ili anyamaze, nikapanda. Nikawasha. Nikakamatisha. Rotaveta ikazunguka vizuri, tena kwa kelele, kana kwamba inanisengenya. Nilizima na kurudia mpaka mama mkwe akatoka jikoni kuuliza kama tunalima ua wake.

Fundi alikuwa ameegemea tairi. "Mashine ni kama ng'ombe wa maziwa. Ukimwogopa, anajua."

"Umewahi kukamua ng'ombe wewe?"

"Hapana. Nanunua kwa pakiti." Akacheka peke yake, akaandika karatasi yake, akapanda pikipiki akaenda zake. Aliandika kwamba hitilafu haikuonekana.

Sasa fikiria. Mashine inakukataa ukiwa peke yako, na kila unapoita shahidi inakukubali. Usiku huo mume wangu alipiga simu kutoka njiani. Nikamweleza. Akasema, "Labda mwache mdogo wangu alime msimu huu, wewe utaanza mwakani, mtoto akikua." Alisema kwa upendo. Nilikata simu kwa upendo huohuo.

Kesho yake, mtoto akiwa na bibi yake kwenye mkeka, nilipanda tena. E 52. Nikakaa hapo juu nimeshika usukani wa mashine isiyokwenda, mbele yangu dirisha langu, nyuma yangu lango. Mtoto aliponiona akaanza kulia kunitaka. Mama mkwe alimvumilia kidogo, akamwinua, akaja naye.

"Mchukue mwanao. Anataka kile kiti kuliko wewe."

Alimpandisha mgongoni kwangu, nikafunga mbeleko nikiwa nimeketi. Nilikuwa sijautoa mkono kwenye wenzo. Sijui kwa nini nilijaribu. Nikawasha, nikakamatisha, ikazunguka.

Nikazima. Nikamwambia, "Mama, mtoe."

"Ndiyo kwanza nimemweka."

"Mtoe, tafadhali."

Akamtoa. Nikawasha. E 52. "Mrudishe." Akamrudisha. Ikazunguka. Tulifanya hivyo mpaka mtoto akadhani ni mchezo, akawa anacheka kila injini inapozima.

Mama mkwe ndiye aliyelisema. Alisimama pale na mjukuu wake kwapani, akanikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye buti za mwanawe. "Haikuoni. U mwepesi mno. Nilikuambia unywe uji."

Nilishuka nikainamia chini ya kiti bila kugusa kitu. Pale chini kuna swichi. Nilijifunza darasani kwamba trekta nyingi za siku hizi zinayo: dereva akiinuka au akianguka, swichi inaachia, majembe yanasimama yasije yakamkata. Ni kitu chema. Ila ya kwangu haikushuka nilipoketi. Mkenya alipoketi, ilishuka. Shemeji alipoketi, ilishuka. Mimi na mtoto pamoja, ilishuka. Mimi peke yangu, trekta langu liliamini kwamba pale juu hakuna mtu.

Nilipiga simu kwa wakala nikaeleza yote kama nilivyoeleza hapa. Nilisema, "Nikiwa na mtoto inafanya kazi, nikiwa peke yangu haifanyi." Nilijua ninatoa ushahidi. Msichana akasema ataandika, niende Masoro kuonana na mhusika wa waranti.

Kabla sijaenda, kila mtu alikuwa na dawa. Mwenyekiti alisema kwenye simu, "Si umbebe tu mtoto? Sisi tumelima na watoto mgongoni miaka yote." Kweli, wamelima nao. Kwa jembe la mkono. Jembe la mkono halizunguki nyuma yako kwa nguvu ya injini, na linasimama mkono ukisimama. Nilimwambia sitampandisha mwanangu juu ya visu. Shemeji akasema nifunge jiwe kwenye kiti. Nikamuuliza, nikianguka, jiwe litaanguka nami? Jiwe lingebaki limeketi, na majembe yangenifuata. Fundi wa mtaani, jirani yetu, alisema ataikata ile waya nisijue hata ilikuwapo. Ningemkubalia, waranti ingekufa, na siku nyingine kikiharibika kitu kikubwa ningekuwa na chuma uani, kizuri tu kwa kuanikia nepi.

Basi nikaenda Masoro, mtoto mgongoni kwa sababu ya maziwa, tukabadilisha basi.

Nilipoingia mapokezi nilijikuta ukutani.

Ni ile picha. Wameikuza, wameitia fremu. Mimi juu ya trekta, mbeleko ya maua mekundu, kichwa cha mwanangu kimechomoza begani, wote wawili tunatazama mbele. Chini yake wameandika kwa Kinyarwanda maneno ya kusema kwamba hata mama anaweza. Hakuna aliyeniuliza. Nilikaa kwenye kiti cha kusubiri chini ya picha yangu mwenyewe, na mtu aliyekuwa akisubiri pembeni alinitazama mimi, akatazama ukuta, akahamisha macho kwenye simu yake.

Kijana wa tai alinipokea vizuri. Alikuwa na faili na tabasamu. Akasema E 52 wameshaipata maana kwa watengenezaji: mwendeshaji hayupo kitini.

"Nipo," nikasema.

"Ndiyo, madamu. Lakini mashine inasema hupo. Sasa, shida ni hii. Kwenye taarifa ya simu yako umesema unaendesha ukiwa na mtoto. Hayo ni matumizi yasiyofaa. Waranti haihusiki na matumizi yasiyofaa."

Nilimwomba arudie. Akarudia kwa tabasamu lilelile.

"Nimesema nikiwa peke yangu *haifanyi*. Hiyo ndiyo hitilafu."

"Lakini ukiwa peke yako, fundi hakuona hitilafu."

"Hakuniona peke yangu. Nilikuwa na mtoto."

"Ndiyo maana nasema, madamu. Matumizi yasiyofaa."

Nadhani mtu anaweza kupata wazimu ofisini, kwenye kiti laini, feni inapuliza. Kuthibitisha kwamba swichi imeharibika nilihitaji uzito wa mtoto. Na uzito wa mtoto ulikuwa ndio kosa langu. Huku mlango, kule mlango, na yote makomeo yake yako nje.

Nikasema, "Toka nje kidogo, tafadhali."

"Madamu, mwihangane, kuna wateja..."

"Njoo uone matumizi yasiyofaa."

Nilimtoa mpaka mapokezi, nikamwonyesha ukuta. Msichana aliyepiga picha akainamia meza yake. Kijana aliitazama picha.

"Ile ni ya matangazo," akasema.

"Huyo ni nani?"

"Ni mteja."

"Ni mteja gani?"

Mtu wa pembeni aliyekuwa anasubiri akasema kwa Kiswahili cha kwetu Karagwe, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, "Si huyu dada hapa?" Mungu ambariki huyo mtu, sijui alikuja kununua nini.

Nje uwanjani palikuwa na trekta jipya, ndugu kabisa na langu, rangi hiyohiyo, kiti kilekile. Nikamfungua mtoto mgongoni nikampa msichana wa mapokezi. Mtoto akapiga yowe. Msichana hakuthubutu kukataa. Nikamwambia kijana amwite fundi. Mkenya akaja anafuta mikono.

"Mama wa ng'ombe," akanisalimia.

"Nipe ufunguo wa hili."

Akamtazama kijana wa tai. Kijana akainua mabega. Nikapanda peke yangu, na buti zangu za soksi. Nikawasha. Nikakamatisha shafti ya nyuma, ile inayozungusha majembe. Ikazunguka. Nikaizima. Nikarudia. Ikazunguka.

Uzito uleule, buti zilezile. Trekta lao liliniona.

Fundi aliacha kufuta mikono. Akaja karibu, akabonyeza kiti kando ya paja langu kwa ngumi, akasikiliza, akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa na mzaha, "Basi ni swichi. Ya kwako iko ngumu. Mimi nikikalia hata mawe yanaitika, singejua." Akamgeukia kijana. "Andika ni waranti."

"Kipuri hakipo," kijana akasema. "Swichi inakuja na kiti kizima, inatoka nje. Tutaagiza. Mwihangane."

"Lini?"

"Hatuwezi kusema tarehe."

"Kiti hiki hapa," nikasema. "Nimekikalia. Kifungueni mnifungie."

"Haiwezekani, madamu, hili ni la kuuzwa."

"Na langu lilikuwa la nini?"

Fundi aligeuka akatazama geti. Nadhani alikuwa anacheka.

Sikushuka. Nilimwambia msichana aniletee mtoto, nikamnyonyesha hapohapo kitini, trekta likiwa limezimwa na ufunguo nimeukalia. Kijana aliniomba kwa Kinyarwanda, akaniomba kwa Kiingereza, akaenda ndani, akarudi. Wakaja mtu na mkewe kutoka Nyagatare kulitazama lile trekta. Mke akaniuliza kama ni zuri. Nikamwambia ni zuri sana, lakini akae kwanza mwenyewe kitini, peke yake, aone kama litamwona. Akamgeukia mumewe. "Nataka kukaa," akasema.

Hapo ndipo waranti yangu ilipatikana. Kijana alileta karatasi yenye mhuri, imeandikwa kwamba hitilafu ni ya kiwandani, kiti kipya kimeagizwa, watafunga bure. Kiti cha lile trekta hawakukitoa. Nilipambana nikapata karatasi na ahadi. Nikashuka, nikampa ufunguo ukiwa na joto langu.

Nilimwomba na kitu kimoja zaidi: watoe picha. Akasema atamuuliza mkubwa.

Nyumbani nilimkuta shemeji amekaa uani, amevaa buti mpya. Mwenyekiti alikuwa amempigia yeye. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa uwanja wa ndege, na mtu mwenye bonde haangalii mhuri. Alisema hana ubaya, anataka tu kusaidia. Nikamwambia asubiri.

Mama mkwe alikuwa amesikiliza yote tangu nilipoingia. Aliingia chumbani kwake akatoka na kitenge cha zamani na sindano ya magunia. Akaketi kwenye kigoda chake, akashona mfuko mrefu, akaenda kwenye rundo la mchanga ambao mwanawe alileta kwa ajili ya ukuta na hakuwahi kuujenga, akaujaza mfuko. Kisha akamchukua mjukuu wake mkono huu, mfuko mkono ule, akawapima hivi, akawapima vile, akapunguza mchanga kidogo.

"Sawasawa," akasema. "Geuka."

Akanifunga mfuko mgongoni kwa mbeleko, akakaza fundo kifuani kama alivyonifundisha siku ya kwanza na mtoto. "Ukianguka, utaanguka nao. Trekta litakuona umeondoka. Sivyo ulivyosema?"

"Ndivyo, Mama."

"Basi nenda. Nataka ua wangu."

Nilipanda. Nikawasha, nikakamatisha, ikazunguka. Shemeji alitazama buti zake mpya.

Nililima bonde la Masaka na mtoto wa mchanga mgongoni. Siku ya kwanza walinicheka mpaka wakakaa chini. Siku ya pili mzee wa kandambili aliniuliza, "Huyo wako wa pili, ameota meno?" Nikamjibu ameota, na anawauma wanaoongea sana. Mabega yalichubuka. Jioni nilikuwa namfungua mmoja na kumfunga mwingine, na sikupata hata nafasi ya kunyoosha mgongo katikati. Shamba la mwisho, lile la kando ya mto, nilikuwa nalipindua matone ya kwanza yakipiga boneti, na mwenyekiti amesimama kwenye tuta na mwavuli, anazungusha ufunguo kidoleni. Aliponipa alinipa kwa mikono miwili.

Nyumba ni ndogo, inanuka mahindi, na komeo liko ndani. Nalifunga mwenyewe.

Kiti hakijaja. Napiga simu, sauti ni ileile, na jibu ni lilelile, mwihangane. Picha bado iko ukutani. Mke wa yule mtu wa Nyagatare aliiona alipokwenda kuchukua trekta lake, akanitumia salamu. Kwa hiyo kila siku ya kazi, alfajiri, nautoa mfuko nyuma ya mlango na kujifunga. Mwanangu sasa anatembea. Akiuona mchanga kwenye mbeleko yake anautupia ngumi, anakishika kitenge anakivuta aushushe, analia kwa hasira nyekundu ambayo naijua ilikotoka. Bibi yake, ambaye siku hizi anakuja Masaka kumlea bila kuitwa, anamwinua na kumwambia amwache ndugu yake aende kazini.

Nami naenda.